Nguvu Iliyomo Ndani ya Penseli



Kila mwenye mtoto wa skuli huiona penseli nyumbani mwake. Ni nani katika sisi aliyepata kudhani ya kwamba kile kitu cheusi kilichomo ndani yake, laini hata huacha alama juu ya karatasi, chaweza kuitia nguvu metali ya kuundia eropleni?

Kitu hicho huitwa grafiti. Ni kaboni, jamaa ya makaa na almasi, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Mwaka 2004, huko Manchester, Uingereza, wataalamu Andre Geim na Konstantin Novoselov waliubandua ukurasa mmoja kwa utepe wa gundi. Ukurasa huo, wenye unene wa atomu moja tu, ndio uitwao grafini, nao hushinda chuma cha pua kwa nguvu. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel.

Ama metali tuliyoitaja ni titani. Haili kutu upesi, na uzito wake wazidi kidogo tu nusu ya uzito wa chuma. Kwa hiyo hutumika katika eropleni na katika viungo vya nyonga wawekewavyo wagonjwa. Lakini ina aibu mbili: hulika inaposuguana, na joto likizidi nguvu zake hupungua.

Je, haitoshi kuchanganya unga wa titani na grafini, kisha kuuchoma? La! Kurasa za grafini hupenda kugandamana, na zinaporundikana ndipo metali itakapovunjika. Tena titani yenye moto huila kaboni, ikageuka titani kabidi, kitu kigumu lakini rahisi kuvunjika.

Dawa yake ni kiasi. Grafini hutiwa kidogo, mara nyingi pungufu ya sehemu moja katika mia. Unga husagwa kwa gololi mpaka uchanganyike, kisha hushindiliwa na kupashwa moto wa umeme kwa dakika chache, ili titani isipate nafasi ya kuila grafini yote. Kabidi kidogo mpakani huzishikanisha, ikizidi huharibu.

Wajenzi wa nyumba za udongo wanalijua jambo hili. Fito zilizopangwa sawasawa hushika ukuta. Zilizorundikwa pembeni ni kuni tu.

Kazi hii kwa sehemu kubwa ingali katika maabara, kwani nguvu ikiongezeka, mara nyingi metali hupungukiwa na uwezo wa kupindika bila kukatika. Vijana wetu, fumbo hilo lawangojea ninyi. Mlango wake ni hisabati na kemia, na ufunguo wa kwanza mnao tayari mkononi: ni penseli.