Kurejesha Kielekezi cha Kompyuta Katika Hali Yake ya Awali

Miongoni mwa matatizo yanayomkabili mwalimu wa somo la kompyuta, lipo moja dogo ambalo aghalabu huharibu kipindi kizima, nalo ni kubadilika kwa kielekezi. Kielekezi ni ule mshale mdogo mweupe unaotembea kiooni mkono usogezapo kipanya. Mwanafunzi hubofya hapa na pale, mara mshale huwa mweusi, au huvimba, au hugeuka picha nyingine kabisa.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimwona mtoto wa darasa la tano aliyepatwa na jambo hilo. Alikunja mikono, akainamisha kichwa, wala hakuigusa tena kompyuta mpaka kengele ilipolia. Alidhani ameharibu mali ya shule. Mwalimu wake, asijue la kufanya, aliizima mashine na kuiwasha upya. Mshale ukarudi vilevile. Sababu ni kwamba kompyuta huhifadhi uchaguzi wa mtumiaji hata ikizimwa. Hapakuwa na kilichoharibika. Palikuwa na kilichochaguliwa, na kilichochaguliwa huweza kuchaguliwa upya.

Hata hivyo, kabla ya kurejesha, yapasa mwalimu aulize. Huenda kielekezi kilikuzwa makusudi kwa ajili ya mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Kumwondolea mshale huo ni sawa na kumvua miwani.

Ikiwa hakuna sababu ya namna hiyo, na kompyuta inatumia Windows 10 au Windows 11, zifuatwe hatua hizi:

1. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Katika kidirisha kitakachotokea andika main.cpl, kisha bonyeza "Enter".

2. Bofya kichupo kilichoandikwa "Pointers".

3. Fungua orodha iliyo chini ya neno "Scheme", uchague "Windows Default". Usichague jina lililoongezewa neno "large", kwani hilo huleta mshale mkubwa.

4. Bofya "Apply", kisha "OK".

Iwapo ni picha moja tu iliyobadilika, ichague katika orodha ya picha, kisha ubofye "Use Default". Iwapo kielekezi hubadilika kila mara mapambo ya kioo yanapobadilishwa, ondoa alama ya vema mbele ya maneno "Allow themes to change mouse pointers". Iwapo ukubwa au rangi bado si ya kawaida, fungua "Settings", kisha "Accessibility", ambayo katika Windows 10 huitwa "Ease of Access". Katika sehemu ya kielekezi, chagua rangi nyeupe na urudishe kipimo cha ukubwa kwenye 1.

Sasa tutazame jinsi ya kulifundisha jambo hili. Kwanza, mwalimu alifanye mwenyewe kabla ya kipindi, hadi mkono uzoee. Pili, asingoje tatizo litokee. Awape wanafunzi, wawili wawili, kazi ya kubadili kielekezi kwa makusudi na kukirejesha. Mmoja ashike kipanya, mwenzake amtajie hatua kwa mpangilio, kisha wabadilishane. Tatu, mwanafunzi atakayekwama asinyang'anywe kipanya. Mwalimu amwulize, "Tulipita wapi?" naye aitafute njia mwenyewe.

Kwa kufanya hivyo mwanafunzi hupata zaidi ya ujuzi wa mshale. Hutambua kwamba makosa mengi ya kompyuta yana njia ya kurudi, na anayeijua njia ya kurudi haogopi kujaribu. Mtoto yule wa darasa la tano hakukosa akili wala bidii. Alikosa hatua nne tu za kumrudisha alikotoka. Ni wajibu wetu walimu kuhakikisha kwamba hakuna mwanafunzi anayeondoka darasani akiwa amekunja mikono kwa sababu hiyo.