SATARANJI KATIKA VISHIKWAMBI: KIDOLE KILICHOMPONZA MALKIA

Mwaka huu kalamu yangu inataka kueleza jambo lililonitoa machozi mbele ya darasa zima, na pia jinsi mtu anavyoweza kuliepuka.

Ilikuwa muhula wa pili. Tulikuwa na mechi ya sataranji na shule jirani, wao kwao, sisi kwetu, kila mchezaji na kishikwambi chake (wengi wetu husema tabuleti tu, mwalimu asikie asisikie). Tulikutana katika Lichess, uwanja wa intaneti ulioanzishwa mwaka wa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Uwanja huu hautozi hata ndururu wala hauna matangazo. Tulikuwa sare, tatu kwa tatu, na mchezo uliobaki ulikuwa wangu. Nikamburuta malkia akamle farasi. Lahaula! Kidole kikateleza, malkia akatua mraba mmoja kabla, mdomoni mwa askari. Wenzangu wakaguna, "Woi!" Basi tukashindwa.

Nililala na hasira siku mbili. Ya tatu nikachukua rula nikapima vioo. Inchi za kishikwambi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, lakini ubao wa sataranji ni mraba, kwa hivyo kinachofaa ni ule upande mfupi wa kioo. Changu cha inchi 7 kina upande wa sentimita 9 hivi. Gawanya kwa 8, kila mraba unabaki na sentimita 1 na kitu, mwembamba kuliko kidole changu cha gumba! Kishikwambi cha Android cha rafiki yangu kina inchi 10 na upande wa sentimita 13 na nusu. iPad ya mwalimu mlezi haifiki hata inchi 10, lakini umbo lake ni pana zaidi, 4 kwa 3, na upande wake unakaribia sentimita 15. Kumbe aliye na inchi nyingi si lazima awe na ubao mkubwa.

Je, mwenye kidogo afanye nini? Aingie kwenye mapendeleo ya akaunti yake. Hapo kuna mahali pa kuchagua namna ya kusogeza kete: kuburuta, au kugusa mraba wa kete kisha mraba inapokwenda. Chagua kugusa. Ukiburuta, kidole chenyewe kinaficha pale unapolenga. Pia kuna kuthibitisha hatua, yaani kete haiendi mpaka ukubali mara ya pili. Inakula sekunde, ndiyo, lakini ukicheza dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 kwa kila hatua, utazifidia. Mimi sikujua haya yote, eti nilijiona bingwa.

Jambo jingine ni mtandao. Ukikatika, saa yako haikungoji. Wale ambao bando lao ni la kubahatisha wacheze michezo ya masafa, ambapo unaweza kupewa siku nzima au zaidi kwa hatua moja. Nina binamu yangu Mombasa ambaye tumekuwa na mchezo mmoja tangu likizo ya Aprili, na bado ananisumbua.

Wasiopenda sataranji wana Board Game Arena, nayo ya mwaka wa 2010, yenye michezo mingi ya mezani. Inachezwa ndani ya kivinjari, kwa hivyo wa iPad na wa Android huketi meza moja bila shida. Ila michezo yenye kadi nyingi ni mateso kwenye inchi 7. Maandishi yanakuwa kama chawa.

Mechi ya marudiano ni muhula ujao. Nimeomba nicheze kwa kidude changu kile kile. Mwalimu mlezi ananitazama tu, hajanijibu.