Slaidi na Mwanachuo: Namna ya Kutayarisha na Kutoa Wasilisho

Utangulizi

Katika vyuo vya ualimu, mwanachuo hutakiwa mara kwa mara kusimama mbele ya wenzake na mkufunzi wake ili aeleze jambo alilolichunguza. Zamani alitegemea ubao, chati na picha za kubandika. Siku hizi, mahali penye umeme na projekta, hutumia slaidi. Zana imebadilika, lakini swali la msingi ni lile lile: je, waliokaa mbele yake wameelewa?

Tumeona mawasilisho mengi ambamo mwanachuo huugeukia ukuta na kuusoma, aya baada ya aya, hadi muda umwishie. Mara nyingi hafanyi hivyo kwa uvivu. Huogopa kusahau, au huogopa lugha ya Kiingereza anayotakiwa kuitumia, basi hujificha nyuma ya maandishi. Hasara yake ni kubwa kuliko alama anazopoteza, kwa sababu mazoea hayo ndiyo atakayokwenda nayo darasani, mbele ya watoto wasio na uwezo wa kumwambia kuwa hawakuelewa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa slaidi ni zana ya macho ya msikilizaji, wala si daftari la msemaji.

Kwa nini maandishi mengi hudhuru

Programu ya PowerPoint, ambayo imeenea kuliko nyingine za aina yake, ilitoka mwaka 1987. Ilikusudiwa mikutano ya biashara, si madarasa. Ukurasa wake wa kawaida humpa mtumiaji nafasi ya kichwa cha habari na orodha ya hoja chini yake, naye hudhani kwamba ni lazima aijaze. Hakuna sheria ya ualimu inayomlazimisha kufanya hivyo.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, ambaye kitabu chake juu ya kujifunza kwa maneno na picha kilitoka mwaka 2001, ameonyesha kwa majaribio kuwa mtu hujifunza vizuri zaidi aonapo picha huku akisikia maelezo, kuliko anapoona picha, akasikia maelezo, na wakati huo huo akasoma maelezo yale yale kwa maandishi. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Nguvu ya akili ya kupokea mambo mapya kwa wakati mmoja ni ndogo. Msikilizaji anaposoma, sauti ya msemaji humpotea. Anaposikiliza, maandishi humsumbua. Hivyo basi, sikio lipewe maneno, na jicho lipewe kile ambacho maneno hayawezi kukionyesha.

Kutayarisha: mfano wa ngitili

Tuchukue mfano wa mwanachuo atokaye Shishiyu, wilayani Maswa, katika Mkoa wa Simiyu, aliyepewa dakika 10 aeleze habari za ngitili. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zianzapo ili nyasi na miti vikue, kisha hulifungua kiangazi kikishika, mifugo ipate chakula. Mwanachuo huyu amekulia katika mazingira hayo. Wenzake waliotoka pwani au nyanda za juu huenda hawajapata kuyaona.

Kwanza, kabla ya kuifungua kompyuta, na aandike katika karatasi sentensi moja tu: anataka wasikilizaji waondoke na nini? Kwa mfano: "Mila ya zamani ilisaidia kurudisha miti katika nchi iliyokuwa jangwa nusu." Lolote lisiloitumikia sentensi hiyo liachwe, hata likiwa la kuvutia.

Pili, ajiulize ni mambo gani yanahitaji kuonwa. Umbo la ngitili lahitaji kuonwa. Basi picha moja kubwa, ijazayo slaidi nzima, yatosha. Inafaa aipige mwenyewe wakati wa kiangazi, kwa ruhusa ya mwenye eneo, pale ambapo ua unatenganisha nyasi ndefu na ardhi tupu. Mwenye macho haambiwi tazama. Majira ya kufunga na kufungua yanaweza kuchorwa kama duara la miezi 12, sehemu mbili zikitiwa rangi tofauti. Asili ya jina na desturi za wazee zahitaji kusimuliwa tu, wala hazina haja ya slaidi.

Tatu, tarakimu zichaguliwe kwa uangalifu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulianza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004. Wakati huo Maswa ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, kwani Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Mwanachuo akiziandika tarakimu hizi katika jedwali lenye safu nyingi, zitapita bila kugusa mtu. Lakini akichora nguzo mbili, ya kwanza ikiwa na urefu wa milimeta moja na ya pili nusu meta, darasa zima litaona tofauti hiyo kabla hajatamka neno. Hapo slaidi imefanya kazi yake.

Kwa dakika 10, slaidi tano au sita zatosha. Kila moja ibebe wazo moja, na kichwa chake kiwe sentensi kamili yenye kusema jambo. "Ngitili ziliongezeka mara 500" ni kichwa bora kuliko "Takwimu". Sentensi fupi ya namna hii humsaidia pia mwanachuo mwenye hofu ya lugha: humpa mahali pa kuanzia, naye humalizia kwa maneno yake mwenyewe.

Chumba na vyombo

Madarasa yetu mengi yana madirisha makubwa yasiyo na mapazia. Katika mwanga mwingi, herufi nyeusi juu ya weupe huonekana vizuri kuliko herufi nyeupe juu ya giza. Rangi ya manjano juu ya nyeupe iepukwe kabisa. Pasipo na ukuta mweupe, shuka jeupe lililonyooshwa hufaa. Kipimo cha ukubwa wa herufi ni kimoja: mwanachuo aende akakae katika kiti cha nyuma kabisa. Asichoweza kukisoma kutoka hapo kikuzwe au kiondolewe.

Faili iwekwe katika kompyuta na pia katika flashi, na nakala moja iwe ya PDF, maana herufi na mpangilio huweza kuharibika kazi inapofunguliwa katika mashine nyingine. Tena ikumbukwe kuwa umeme ukikatika, kompyuta mpakato yenye betri huendelea kuwaka, bali projekta huzimika papo hapo. Kwa hiyo kila wasilisho liwe na njia ya pili. Mwanachuo wetu wa ngitili hana haja ya kufadhaika: duara la miezi na nguzo mbili vyachorwa ubaoni kwa chaki katika muda mfupi. Hiki nacho ni kipimo kizuri cha matayarisho. Somo lisiloweza kuendelea bila projekta halikuwa kichwani mwa mwalimu.

Kutoa wasilisho

Msemaji asimame pembeni, uso wake ukielekea watu. Slaidi mpya inapoonekana, anyamaze kidogo waitazame, kisha aeleze. Asipate kusema "kama mnavyoona" juu ya jambo ambalo hawaoni. Vidokezo vyake viwe katika kadi ndogo mkononi, wala si ukutani. Afanye mazoezi kwa sauti, akiwa na saa, angalau mara mbili mbele ya mwenzake. Kusoma kimya kimya hakumwonyeshi mahali ulimi unapokwama.

Dakika mbili au tatu za mwisho ziwe za mazungumzo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio pamoja na vikundi. Watu walisikiliza, wakajadiliana, wakaamua la kutenda. Chombo kilifungua mlango tu. Vivyo hivyo, slaidi ya mwisho isiwe "Asanteni". Iwe swali, kama hili: "Katika kijiji chako, ni mila gani ingeweza kuokoa ardhi?"

Hitimisho

Tunawashauri wakufunzi wanaotoa alama za mawasilisho wasihesabu slaidi wala kuvutwa na mapambo. Na wamwombe mwanachuo aizime projekta kwa dakika moja, aendelee kueleza. Mwenye kuelewa ataendelea, na wenzake wataendelea kumsikiliza.