Remorki inapocheza mkia: tununue atelaji ya bei kali ao tupakie vizuri?

Koperative moja ya mpunga katika bonde la Ruzizi ilituita baada ya mavuno. Wako na pikapu moja na remorki ya magurudumu mawili, iliyochomelewa hapa kwetu. Siku moja walikuwa wanashuka kuelekea kwenye kinu, remorki ikaanza kucheza mkia: kushoto, kuume, kushoto tena, kila mara kwa nguvu kupita mbele. Shofere akashtuka, akakanyaga freni yote. Remorki ikalala pembeni ya barabara. Mifuko ilipasuka, na hiyo ni hasara. Lakini kuko mama mmoja, mwanachama, alikuwa amekaa juu ya mifuko, na mpaka leo anatembelea fimbo.

Kisha muuzaji mmoja aliwaambia kwamba shida itaisha wakinunua atelaji ya Marekani, ile iko na vyuma viwili vya kugawa uzito na mkono wa kuzuia kuyumba. Bei yake ni dola mia kadhaa. Walikuwa wamekwisha kuanza kuchanga. Wakatuuliza: tununue?

Tuliomba kwanza kuona namna wanapakia. Mpunga wa kinu unashushwa wa kwanza, kwa hiyo unawekwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mbele wanaacha fasi ya mifuko mitupu, ya vikapu, na ya watu. Tukaelewa mara moja.

Remorki ya magurudumu mawili ni kama mizani, na esie ndiyo katikati yake. Nyuma ikilemewa, timoni, yaani ule mkono wa mbele unaofungwa kwa gari, inataka kupanda juu, na inainua matako ya pikapu. Hapo remorki haifuate tena gari. Upepo, shimo, ao kona kidogo vinatosha kuianzisha kuyumba. Kanuni ya kawaida ni hii: kwa kila kilo 100 za remorki pamoja na mzigo wake, kilo 10 mpaka 15 zilalie kwenye atelaji. Remorki ya kilo 1 200 ilalie kilo 120 mpaka 180. Ikipungua, inacheza mkia. Ikizidi, inakandamiza nyuma ya pikapu, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani haushike vizuri.

Kupima si kazi ngumu, kwa sababu kila koperative iko na mizani ya mifuko. Simamisha remorki fasi iliyo sawa, zuia magurudumu kwa mawe, kisha weka timoni juu ya mizani, kwa urefu uleule inakuwa nao ikifungwa kwa gari. Kama mizani ni ndogo, tafuta ubao wenye nguvu. Ncha moja ikae juu ya tofali, ncha ingine juu ya mizani, sentimita 90 kati yao. Timoni ikae juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Namba utakayosoma, toa uzito wa ubao uliosoma mbele ya kuweka timoni, kisha zidisha mara tatu.

Kwa wale ndugu zetu tulisoma 13, ni kusema kilo 39, kwa remorki ya kilo 1 200! Tukahamisha mifuko minne ya kilo 50 kutoka nyuma, tukaisogeza mbele mita moja na nusu. Timoni yao iko na mita tatu kutoka esie mpaka kwenye atelaji. Tukapima tena: 47, ni kusema kilo 141. Hakuna franka hata moja iliyotoka.

Sasa ile atelaji ya Marekani. Hatusemi ni mbaya. Kule inatumika kwa remorki kubwa za nyumba, zile familia zinakokota kwenda safari kwenye barabara ya lami. Vile vyuma viwili vinafanya kazi kama mikono ya buruweti: vinavutwa juu kwa nguvu, na sehemu ya uzito uliokandamiza nyuma ya gari inarudi kwenye magurudumu ya mbele na kwenye esie ya remorki. Mkono wa kuzuia kuyumba ni msuguano tu, unapunguza mchezo wa kona. Lakini hakuna hata kimoja kinachorekebisha mzigo uliopakiwa nyuma. Hiyo ndiyo muuzaji hakusema.

Tena vyuma hivyo vinataka timoni yenye miguu miwili inayofungana mbele kama herufi A. Remorki zetu nyingi ziko na tiyo moja tu katikati, utavifunga wapi? Na kwenye mitaro na mashimo makubwa vinajikunja vibaya, inabidi kuvifungua mbele ya kupita. Mkono wa msuguano nao unafunguliwa kila mara unapotaka kurudi nyuma. Kwa barabara zetu, shofere atashuka mara ngapi? Kama koperative yenu iko na remorki nzito yenye timoni ya A, na inatembea mbali kwenye lami, mnaweza kuifikiria. Hapo mpime kwanza uzito wa timoni, mchague vyuma vinavyolingana nao. Vyuma vigumu kupita kiasi vinagongagonga na kuvunja chassis.

Kuliko hiyo, angalieni kile kilicho tayari kwenye gari. Atelaji za Ulaya ziko na kibati chenye herufi S na namba. Hiyo ni kilo ambazo atelaji inaruhusiwa kubeba kutoka juu. Ile ya pikapu yao iliandikwa 150, basi 141 inapita. Kama yenu inaandika 75, ile hesabu ya kumi kwa mia inasema remorki pamoja na mzigo isipite kilo 750, hata kama kuko nafasi ya mifuko ingine.

Bule, ile kichwa ya chuma ya mviringo, nayo inadanganya. Magari yetu yanatoka kila upande. Ya Ulaya ni milimita 50, ya Marekani mara nyingi ni inchi 2, ni kusema karibu milimita 51, lakini kuko ingine ndogo ya 47 na nusu hivi. Kwa macho zinafanana. Bule ndogo ndani ya kikombe kikubwa inaruka kwenye shimo la kwanza. Someni namba kwenye chuma, msikubali "itaingia tu".

Wenye trakteri, neno moja: fungeni remorki chini, kwenye ubao wa kukokotea, hata siku moja si kwenye mkono wa juu wa tatu. Mkikokota kutoka juu ya esie, trakteri inaweza kuinuka mbele na kumlalia shofere.

Na remorki ikianza kucheza mkia njiani? Ondoa mguu kwenye aksidiga, shika usukani sawa, usiufukuze kushoto na kuume. Usiongeze mwendo eti kuinyoosha. Usikanyage freni kwa nguvu. Acha mwendo ushuke wenyewe, kisha simama pembeni na uhamishe mzigo.

Wale wanachama hawakununua ile atelaji. Walichora mstari mwekundu ndani ya remorki, juu ya esie, ili wapakiaji waone upande wa uzito: karibu mifuko sita kwa kumi ikae mbele ya mstari. Sehemu ya mchango ilinunua minyororo miwili ya usalama, inayopita chini ya timoni kwa kusalibiana. Na watu hawapande tena juu ya mifuko. Hilo lilileta maneno mingi kwenye mkutano, kwa sababu wamama wanauliza watafika sokoni na nini. Bado wanalizungumzia.