USALAMA WA WAPANDA BAISKELI KATIKA BARABARA ZENYE MAGARI MENGI

Wananchi wanaotumia baiskeli katika barabara kuu za Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba barabara hizo hutumiwa kwa pamoja na malori, daladala, pikipiki, gari za ng'ombe na waendao kwa miguu. Katika mchanganyiko huo mpanda baiskeli hana bati la kumkinga. Kinga yake ni kuonekana mapema na kufuata utaratibu.

Jambo la kwanza ni upande wa kupita. Wapo wanaoamini kuwa ni salama zaidi kupita kulia ili kuyaona magari yanayokuja, kama wanavyofundishwa waendao kwa miguu. Dhana hiyo si sahihi. Mwenda kwa miguu anaweza kusimama au kujitoa pembeni mara moja. Mwenye baiskeli hawezi. Tuchukulie gari linakwenda kilomita 50 kwa saa na baiskeli kilomita 15. Vikielekea upande mmoja, gari huikaribia baiskeli kwa mwendo wa kilomita 35 tu. Vikikabiliana, mwendo huo hufika kilomita 65, na muda wa dereva kuchukua tahadhari hupungua kwa takriban nusu. Aidha, dereva anayetoka njia ndogo na kukata kushoto hutazama kulia kwake, yanakotokea magari, wala hamtarajii mtu wa kutokea upande mwengine. Hivyo basi, pita kushoto, pamoja na magari.

Jambo la pili ni wakati wa Magharibi. Visiwa vyetu vi karibu na Ikweta, na jua likishakuchwa giza huingia upesi. Saa hiyo ndipo wengi wanaporejea kutoka mashamba, sokoni na kazini. Baiskeli iwe na taa nyeupe mbele, na nyuma taa nyekundu pamoja na kioo chekundu cha kurudisha mwanga. Nguo nyeupe huonekana mbali kuliko nyeusi. Kofia ngumu nayo huhifadhi kichwa, ambacho jeraha lake ndilo la hatari zaidi.

Jambo la tatu ni magari makubwa. Usijipenyeze kushoto mwa lori lililo karibu kukata kona, kwani dereva hakuoni, na magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Daladala ikisimama kituoni, punguza mwendo, kwani abiria huweza kushuka ghafla.

Mwisho, kabla ya kuondoka jaribu breki na kengele. Mzigo usizidi upana wa kuweza kupishana. Mtoto aliyepakiwa nyuma miguu yake iwe mbali na spoki, na kanga au buibui likunjwe vyema lisinaswe na gurudumu.

Madereva nao wanaombwa wasiwapite wapanda baiskeli kwa kuwabana. Waache nafasi ya mita 1.5, au wasubiri. Kuchelewa dakika moja si hasara, bali roho ikishatoka hairudi.