Pikipiki ya trial ya mtumba ipimwe afya kama straika

Klabu makini haisajili straika kwa kuangalia mtindo wa nywele. Daktari hupima goti kwanza. Huko Hispania na Uingereza, wanaoanza trial, mchezo wa kupanda majabali kwa pikipiki isiyo na kiti cha kukalia, nao hununua mtumba kwa hesabu hiyo hiyo.

Ni mchezo wa Mhispania Toni Bou, bingwa wa dunia kila msimu kuanzia 2007 hadi 2024. Hakuna kukimbizana. Mguu ukigusa chini mara moja, unapigwa pointi 1 ya adhabu. Ukishindwa kumaliza kipande, 5. Mwenye chache ndiye mshindi. Ndiyo maana klachi inayong'ang'ania inaweza kumwangusha hata dereva mzuri.

Plastiki mpya zisikuzuge. Inyanyue nyuma, tikisa gurudumu juu na chini: likicheza, huenda beringi zimekwisha. Chungulia ngao ya chini ya injini. Mikwaruzo ni kawaida, ufa ni balaa. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto injini, subiri ipoe, kisha iwashe mwenyewe. Ugonjwa wa kugoma kuwaka hujificha kwenye joto.

Ukishainunua, safisha chujio la hewa kila ikitoka kwenye matope na badili oili ya gia. Kama ni ya kuchanganya petroli na oili, fuata kipimo cha kiwanda. Ukikosea, pistoni inakwama na akiba yako imekwenda.

Goti likikatika baada ya kusaini, hela ya usajili hairudi.