Ngoma inayomtaja mfalme

Utakapoitazama tena filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 pamoja na watoto, fumba macho kidogo usikilize. Mtunzi wa muziki wake, Ludwig Göransson, aliyetuzwa Oscar mwaka 2019, alifunga safari hadi Senegal akafuatana na mwimbaji Baaba Maal. Huko alikutana na tama, ngoma ya kwapani inayoiga usemi wa watu. Ikilia, ujue mfalme T'Challa yu karibu. Hasimu wake, Killmonger, ana filimbi ya Wafulani iliyochanganywa na midundo ya vijana wa Marekani, alikoachwa mtoto baada ya babake kuuawa. Filimbi hiyo yakukumbusha kuwa naye ni wa ukoo. Basi waulize watoto: nani aliyekosewa kwanza?